Presha ya Somo

Kilakala watu wengi wanamjua Bi Sabra. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa somo, mwanamke anayeitwa kumfunda mwali kabla ya ndoa. Aliwafundisha mabinti kwamba mume akifoka, mke anyamaze. Wazazi walimwamini kwa sababu kwake hakukuwahi kusikika ugomvi.

Haukusikika kwa sababu ya redio. Mumewe, Mzee Mwinshehe, alifoka karibu kila jioni: wali umepoa, geti liko wazi, simu ile ilikuwa ya nani. Hakumpiga. Alimsema tu mpaka achoke mwenyewe. Bi Sabra aliongeza sauti ya redio, majirani wakadhani nyumba ile inapenda taarabu. Akisikia pikipiki ya mumewe inakata kona, moyo ulimwenda mbio na shingo kumkaza.

Kichwa kilipozidi kumuuma alienda zahanati, akakutwa na presha. Daktari alimuuliza kama nyumbani kuna amani. Akajibu ipo. Daktari akamweleza kwamba mtu anayeishi na wasiwasi kila siku mwili wake haupumziki, na presha ikikaa juu miaka bila dawa, huharibu moyo na mishipa. Akampa vidonge na kumtaka arudi.

Lakini mtaani husemwa presha ni ya wenye mawazo, na Bi Sabra aliyaogopa maneno hayo kuliko ugonjwa. Aliporudi kliniki alimkuta Shamsia, binti aliyemfunda mwenyewe. Akamdanganya kwamba amemsindikiza jirani, kisha akaondoka bila kumwona daktari. Vidonge vilipokwisha hakutafuta vingine.

Mwaka jana, akiwa katikati ya kumfunda Mwanvita, alianguka. Mkono wa kushoto ulilegea, maneno hayakutoka, mate yakamchuruzika mbele ya wanawake wote.

Mwanvita alikwenda kumwona wodini.

"Shikamoo, somo."

Bi Sabra aliitikia kwa shida, akageuzia uso ukutani. Mwanvita akamwambia kwamba mchumba wake ana hasira za karibu, ila yeye atavumilia kama alivyofundishwa. Bi Sabra akaanza kulia. Akasema kwa taabu:

"Mwanangu, nilikudanganya. Mimi sikuvumilia, nilificha. Ongea naye sasa hivi. Asipobadilika, usiingie."

Ndoa haikufungwa, na ndugu wa kijana wakamlaumu Bi Sabra wazi. Hakujitetea. Alihamia kwa dada yake anayeishi Mlali, anameza dawa kila asubuhi, na presha imeshuka ingawa mkono bado mzito. Mzee Mwinshehe huenda kumbembeleza arudi. Humjibu kwamba bado.

Kina mama wa Kilakala nao huenda kumjulia hali. Huwakaribisha chai, lakini hawezi kuwatazama usoni. Wengi wao aliwafunda yeye.