Rimu Zilizopakwa Rangi Mpya

Mimi ni daktari wa mifugo. Kwa miaka tisa nimezunguka vijiji vya Chemba na Chamwino nikiendesha gari langu mwenyewe, nyuma nimebeba mtungi wa mbegu za kupandikiza ng'ombe, sanduku la dawa, kamba, ndoo na tairi la akiba. Watu wa maofisini hapa Dodoma nikiwaambia natoka kazini Chemba, wanadhani nimeteleza tu kwenye lami kwenda na kurudi. Lami haijawahi kunisumbua. Kazi inaanza unapoiacha na kuingia upande wa magharibi, kwenye mawe, mchanga na makorongo ambayo kila mvua inayahamisha.

Rimu zangu za zamani, za chuma, zilikuwa zimegongwa nyundo mara nyingi hadi fundi akakataa kuzigusa tena. Mbili zilikuwa zimepinda vibaya. "Daktari," aliniambia, "hizi zimechoka. Katafute nyingine." Kwa hiyo nilienda kutafuta, na hapo ndipo hasira hii ilipoanzia.

Mume wangu alinisindikiza. Yeye ni mtumishi wa serikali, alihamia Dodoma na ofisi yake kutoka pwani, na barabara anayoijua ni ile ya nyumbani kwenda kazini. Tulipofika dukani macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye rimu nne za aloi, ile metali nyepesi, nyeusi, zinang'aa, kubwa kuliko zangu kwa inchi mbili.

"Hizi zitalipendeza gari," alisema. "Gari la daktari lisifanane na la kubeba mkaa."

Nilimuuliza muuzaji zinabeba uzito gani. Muuzaji hakunitazama. Alimgeukia mume wangu. "Mzee, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Hizi ndizo rimu za barabara mbovu. Hata mawe yanaziogopa."

Mume wangu akacheka. Nakumbuka kicheko chenyewe, kile cha wanaume wawili wanaoelewana juu ya kichwa cha mwanamke. Mimi niligeuza rimu moja nikatazama nyuma, mahali ambapo namba ya uzito hupigwa chapa. Rangi ilikuwa nene mno, imeziba namba yote. Niliona. Naandika hapa ili nisijitoe kwenye lawama: niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuuliza maswali yanayojibiwa kwa mtu mwingine. Wakazifunga palepale na matairi yake mapya, pamoja na nati zake maalumu, ndefu na nyembamba. Nati zangu za zamani zikabaki kwenye kopo la muuzaji. Sikuzikumbuka hata kuziuliza.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, nilipigiwa simu na bibi mmoja mfugaji wa huko ndani, magharibi mwa Chemba. Nilikuwa namfahamu kwa miaka mingi. Si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Daktari, ng'ombe wangu anazaa tangu alfajiri. Mguu mmoja umetoka. Kichwa sikioni."

"Shikamoo bibi. Nakuja. Msimvute. Nasema tena, mtu yeyote asimvute."

"Marahaba. Njoo upesi, mwanangu."

Nilipita Msalato nikiyapita malori ya kokoto moja baada ya jingine. Lami niliimaliza vizuri. Nilipoingia kwenye njia ya vumbi nilipunguza mwendo, maana tairi za rimu zile kubwa zilikuwa na ubavu mwembamba na kila jiwe nililisikia hadi kwenye meno. Nilikuwa nahesabu kichwani: mguu mmoja mbele, mwingine umekunjwa nyuma, kichwa kimegeuka. Nimeshawatoa ndama wa namna hiyo mara nyingi. Unamsukuma kwanza arudi ndani, unatafuta kichwa, unakiweka sawa. Ukiwahi, mama na mtoto wanasimama siku hiyohiyo.

Kabla ya korongo la tatu nilisikia kishindo, si kikubwa, kama sahani nzito imedondoka jikoni. Usukani ukavutwa kushoto. Nilisimama, nikashuka, nikapiga magoti. Tairi la mbele kushoto lilikuwa chini, na ukingo wa ndani wa rimu ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa kiganja changu. Haukuwa umepinda, ulikuwa umemeguka kama biskuti. Jiwe nililopita juu yake lilikuwa la kawaida kabisa. Mengine makubwa kuliko hilo nimepita juu yake kwa miaka yote hiyo.

Sikukata tamaa bado. Nilikuwa na akiba, ile rimu moja ya chuma iliyobaki nzima. Nikaweka jiwe bapa chini ya jeki ili isizame mchangani, nikainua gari, nikafungua, nikaweka akiba. Kisha nikaanza kukaza nati, na nati hazikukaza. Zilizunguka hadi mwisho na rimu ikabaki inacheza. Zile nati nyembamba zilitengenezwa kwa ajili ya rimu za aloi tu. Rimu ya chuma inataka nati zenye kichwa kilichochongoka kinachokaa kwenye tundu lake, na nati hizo zilikuwa Dodoma, kwenye kopo la mtu aliyeniambia nisiwe na wasiwasi.

Nilipiga kelele. Hakukuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa mbuzi waliokuwa wakila vichaka, na waliinua vichwa wakanitazama. Nilimtukana muuzaji, nikamtukana mume wangu, nikajitukana mwenyewe kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Simu haikuwa na mtandao. Jua lilikuwa limeshapanda.

Baada ya muda mrefu alitokea mwenye bodaboda, mtu mzima, anatoka kupeleka mzigo wa chumvi. Nilimwambia shida yangu kwa maneno machache. Hakuuliza zaidi. Alifunga sanduku langu la dawa kwa mpira kwenye tangi, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia ndoo na kamba, tukaenda. Gari nililiacha limekaa juu ya jeki kama mgonjwa.

Tulipofika, nilijua kabla ya kushuka. Watu walikuwa wamesimama kimya nje ya zizi. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho wazi, nzi wameshaanza. Majirani walikuwa wamesubiri, wamesubiri, kisha wakafunga kamba kwenye ule mguu na kuvuta. Ndama alitoka amekufa, na mama yake alichanika ndani. Alitokwa na damu akafa muda mfupi kabla ya mimi kufika. Nilipomgusa alikuwa bado wa moto.

Bibi alikuja akanishika mkono. "Pole na safari, mwanangu. Kaa kwanza unywe maji."

Angenigombeza ingekuwa nafuu. Angeniuliza ulikuwa wapi, ningekuwa na la kujibu. Yeye alinipa maji kwenye kata, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga yake, akaniambia kwamba uzao ule wa ng'ombe aliurithi kutoka kwa mama yake mzazi na huyu ndiye alikuwa wa mwisho. Alisema bila kulia, kama mtu anayenieleza njia. Nilimrudishia kata ikiwa bado imejaa.

Nilirudi kwenye gari jioni, jua bado lipo, na fundi niliyemchukua Chemba akiwa na nati sahihi mfukoni. Alifunga akiba kwa dakika chache. Kisha aliokota ile rimu iliyomeguka, akaigeuza, akakwangua rangi kwa kisu.

"Daktari, tazama hapa."

Chini ya rangi kulikuwa na mstari wenye vinundu, kama kovu la mshono. "Hii ilishavunjika zamani," alisema. "Wameichomelea, wakaisugua, wakapaka rangi. Aloi ikishapasuka sehemu hii huwezi kuiamini tena. Aliyekuuzia anajua."

Alikagua na nyingine zilizobaki garini. Ya nyuma kulia nayo ilikuwa na kovu.

Usiku ule nilifika nyumbani nikalala. Asubuhi mume wangu aliniuliza, na nilipomweleza akasema, "Lakini si ulikubali mwenyewe?" Nilimwambia ndiyo, nilikubali, na wewe ulicheka. Sikusubiri amalize kufikiri. Nilivaa ovaroli na mabuti yangu ya zizini, bado yana damu ya jana, nikaifungua na ile ya nyuma yenye kovu, nikazipakia zote mbili kwenye bajaji nikaenda.

Dukani niliwakuta mke na mume, walimu wa Chamwino kama nilivyokuja kujua, wanachagua rimu. Muuzaji alikuwa anazungumza na yule mume. Maneno yaleyale. Hata mawe yanaziogopa.

Niliitupa rimu iliyomeguka miguuni pake. Watu wa maduka ya jirani waligeuka.

"Mama, karibu," alisema. "Kuna tatizo?"

"Uliniuzia rimu iliyochomelewa."

Alitabasamu kwa wateja wake. "Mama, labda ni mwendo. Barabara za huko ndani si za kukimbiza gari. Tena mwanamke peke yake, unakwenda kufanya nini huko?"

"Nakwenda kutibu ng'ombe. Na jana mmoja amekufa kwa sababu yako, na mtoto wake. Nipe msasa."

"Msasa wa nini?"

"Nipe msasa!"

Hakunipa. Uliokuwa juu ya meza yake ya kazi niliuchukua mwenyewe. Nilichuchumaa nikageuza rimu ya kwanza katika zile alizokuwa anawaonyesha wale walimu, nikaanza kusugua ukingo wa ndani. Yule mwalimu mwanamume alisema, "Dada, tafadhali, tunafanya biashara yetu hapa, usituharibie." Ilinichoma kuliko maneno ya muuzaji. Niliendelea kusugua. Mkewe alivuta sketi yake, akachuchumaa upande wa pili, akachukua kipande kingine cha msasa na kuanza rimu ya pili. Yake ndiyo iliyotoa kovu kwanza. Alipitisha kidole juu yake polepole, kisha akamwita mumewe: "Njoo uguse."

Muuzaji sasa alikuwa ameacha kutabasamu. "Sawa, mama, tusigombane. Nakubadilishia. Chukua nyingine yoyote unayotaka, unirudishie hizi."

"Na hizi utampa nani?"

Aliinama kuokota ile iliyomeguka.

"Nakuuliza. Nikikurudishia, utampa nani?"

Niliikanyaga kwa buti asiiokote.

"Zikate," nilisema. "Zangu mbili na hiyo aliyoisugua mwalimu. Hapa, mbele yangu."

Alisema nimechanganyikiwa. Alisema ataita watu. Watu walishakuja bila kuitwa, wamejaa mlangoni, na mmoja wao alisema kwa sauti kwamba shemeji yake naye alinunua hapo. Muuzaji aliwatazama, akanitazama mimi na mabuti yangu, kisha akaingia ndani akatoka na grainda. Aloi haitoi cheche kama chuma. Inalia tu, kelele ya kukera inayoingia kwenye fizi, na diski ilikuwa inaziba kila mara ikabidi asimame aisafishe. Ilichukua muda mrefu. Nilisimama pale mpaka rimu zote tatu zikawa vipande ambavyo hakuna rangi inayoweza kuviunganisha. Sikusikia raha niliyoitarajia.

Nilipodai nati zangu alimwaga kopo zima sakafuni nikazichagua moja moja.

Mume wangu aliniomba radhi jioni ile, kwa sentensi moja. "Nilicheka vibaya." Nilimwambia ndiyo, ulicheka vibaya. Ilitosha kwa siku hiyo, ingawa haikutosha kwa wiki.

Rimu ninazotumia sasa ni za chuma, nyeusi bila mng'ao, ndogo kuliko zile za aloi kwa inchi mbili ili tairi liwe nene na libebe kishindo kabla hakijafika kwenye chuma. Chapa ya uzito inasomeka nyuma, na nilipima uzito wa gari likiwa na mtungi, sanduku na maji kabla ya kununua. Nati ni za aina moja na zinazotakiwa na tairi la akiba. Rimu hizi zimeshapinda mara mbili na kugongwa nyundo mara mbili. Hazijaniacha njiani. Kwa bibi nimerudi mara kadhaa. Hajafuga ng'ombe tena, amebaki na mbuzi, na kila nikifika ananikaribisha kama vile sikuchelewa. Nikitoka pale huendesha kilomita nyingi nimeuma meno.

Mwezi uliopita yule mwalimu mwanamke wa Chamwino alinipigia. Mumewe alikuwa amepata duka jingine na anasisitiza walipie rimu haraka, na yeye hakutaka kuzikagua peke yake. Nilimfuata. Tulizigeuza zote kifudifudi chini ya jua, tukazipangusa, tukasoma chapa, tukajaribu nati kwa mkono. Muuzaji wa pale alivumilia kwa muda, halafu akauliza, "Mama zangu, mnanunua au mnakagua?"

"Tunakagua," mwalimu alisema bila kuinua kichwa.

Alichukua tatu. Ya nne ilikuwa na ufa mwembamba karibu na tundu la nati, akaikataa, na muuzaji akalazimika kuagiza nyingine. Mumewe alisubiri ndani ya gari siku hiyo, na akasubiri tena wiki iliyofuata tuliporudi kuikagua ya nne.