Jini wa Gogo

Juzi mvua ilinikamata mtaani Bertrams, hapa Johannesburg, nikajibanza mlangoni mwa duka. Kijito kilikuwa kikinguruma nyuma ya nyumba, nami, mtu mzima mwenye watoto, nikajikuta nimetega sikio kama kuna anayepiga fidla. Usinicheke, rafiki yangu.

Mimi na mdogo wangu tulilelewa Bellevue, mtaa wa karibu, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Mama, msusi kutoka Lubumbashi, alikaa nasi chumba cha mbele. Cha nyuma alikaa mjane mzee wa Uswidi. Tulimwita Gogo, kama watoto wa mtaa ule walivyowaita bibi zao. Alituokea mikate ya iliki, na ilipoanza kunukia alitusimulia habari za Nekken, jini wa mito ya kwao. Hukaa jiweni akipiga fidla, na mtoto anayemfuata huzama. Lakini ukimtaja jina, nguvu humwishia.

Sikuogopa, nilitaka kujua tu. Je, hapa Johannesburg yupo? Jumamosi moja, baada ya radi kutulia, nilimshika mdogo wangu mkono tukateremka hadi kijitoni. Maji yalifika vifundoni. Yeye akarukia jiwe la katikati, akakaa. Ndipo nikasikia mvumo kutoka juu, mrefu, mtamu kidogo. Naona aibu kusema kwamba nilisimama kwanza nikausikiliza. Kisha nikaona maji ya kahawia yanakuja na matawi, nikapiga kelele, "Nekken!" Mdogo wangu akageuka, akaruka, nikamdaka kwa kola ya gauni. Tulipotazama nyuma, jiwe halikuonekana tena.

Mama alituvua nguo za matope, kisha akaenda chumba cha nyuma.

"Gogo, watoto wangu karibu wafe juu ya hadithi yako. Usiwaambie tena."

Gogo alilia. Baadaye akauliza polepole, "Na kwenu, hakuna wa majini?"

Mama akavuta kiti. "Yuko. Tunamwita mamba muntu. Ana nywele ndefu..." Akatuona tumesimama pale, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo walikaa pamoja kila alasiri, wakicheka, na tulipoingia walinyamaza. Gogo alirudi kwao akafia huko. Mama naye tumeshamzika. Wanangu wakiniuliza, nina kipande cha Nekken na nywele za mamba muntu, basi. Hadithi zilizobaki walisimuliana wao wawili, sisi tukiwa shuleni.