Sanda ya Bi Mwanaesha

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi tumalizane, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yamenipata mimi mwenyewe, kwa macho yangu na kwa mkono wangu huu wa kulia, hapa hapa Amu, mnayoiita Lamu. Wala usingoje nikwambie ilikuwa usiku wa giza na paka wanalia. Ilikuwa mchana, jua la utosi, watu wametoka kuswali adhuhuri wamekwenda kujinyoosha. Ni miaka ile watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia, kama unakumbuka.

Nilikuwa na rafiki yangu, Bakari. Mtu wa Siyu, fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi, alikuja Amu kutafuta riziki akapanga chumba Mkomani. Mimi ni wa Langoni, upande wa pili wa mji, na watu wa Mkomani wanasema sisi wa Langoni tuna kelele. Haya, tuna kelele. Lakini Bakari hakuwa na kelele na mtu. Mimi shule sikwenda, kusoma nimejifundisha mwenyewe kwa makaratasi ya kufungia sukari, na neno likinishinda ni yeye aliyekuwa akiweka sindano chini tukabishana nalo mpaka litoke. Hakunicheka hata siku moja. Sasa mtu kama huyo ukimwacha, wewe ni mtu?

Homa ilimshika, ikamlaza, na asubuhi moja akafa. Kwao mbali. Chombo kingoje maji yajae, kisha uteremke utembee kwa miguu. Mpaka habari ifike Siyu na ndugu zake waje, maiti ameharibika. Ilibidi azikwe siku ile ile, kabla ya magharibi.

Mwalimu wa msikiti wa mtaa ule ndiye pia aliyekuwa akiosha maiti. Akaniita pembeni.

"Tuna taabu moja," akasema. "Bafta ya sanda, akiba ya msikiti, imekwisha, na madukani hakuna mpaka meli ije. Tutachukua kanzu kuukuu za watu, tuzifue, tumstiri nazo. Sheria inaruhusu."

"Mwalimu," nikamwambia, "angekuwa mtoto wa Mkomani, mngemfunga viraka?"

Anatazama chini.

"Basi nipe kikapu. Bakari hazikwi kwa matambara na mimi niko hai."

"Lakini alasiri ikifika tunaswali, bwana. Maiti hangojeshwi."

Unajua Mkomani ilivyo. Vichochoro vyembamba, kuta za mawe ndefu, na kila nyumba ina daka lake, kile kibaraza cha kuingilia. Mwanamume wa nje ukipiga hodi unasimama hapo dakani. Wenye nyumba wanawake hawatokei. Watakujibu kutoka ndani, na wakiwa na cha kukupa, mlango utafunguka kidogo, mkono utatoka, basi. Sura huioni. Ndiyo ada, na ni ada nzuri, sijaikataa. Nakwambia tu ili uelewe kwa nini sikushituka mapema.

Nikaanza mwanzo wa mtaa. Mlango wa kwanza nikapiga hodi.

"Nani huyo?"

"Naomba kwa ajili ya maiti, Bi. Bakari, fundi makubadhi."

"Yule Msiyu? Ana makubadhi yangu hayajaisha!"

"Basi, Bi, umsamehe. Huko alikokwenda harudi fundi."

Nikasikia anacheka, kisha akasema inna lillahi, kisha mkono ukatoka na pamba. Nyumba ya pili nikapewa kafuri. Ya tatu majani ya mkunazi ya kuoshea. Watu walitoa, sitaki kuwasingizia. Lakini bafta, hakuna. Kuna mtu aliniletea kanga nyekundu! Nikamwambia Bi, tunazika, hatuozeshi.

Sasa bafta zipo, ujue. Hapa kwetu bibi akishapata umri, sanda yake anaiweka mwenyewe, imekunjwa ndani ya sanduku, imefukizwa udi, na aliyebahatika imeletwa kutoka Makka imetiwa maji ya zamzam. Nilijua. Kwa hiyo nyumba moja nikasema waziwazi: "Bi, wewe mtu mzima, hukosi sanda yako humo ndani. Mwazime maiti, meli ikija nitakununulia nyingine."

Mungu wangu!

"Sanda ninayo!" akapiga kelele. "Na nikifa mimi kesho nizikwe kwa nini, kwa huo ulimi wako? Toka dakani kwangu, mtu wa Langoni we!"

Nikamjibu, na nilichomjibu siandiki hapa. Nikatoka pale nimekasirika. Kikapu kina pamba na majani, Bakari yuko kitandani uchi chini ya shuka la kuazima, na jua linakwenda.

Ndipo nikafika mwisho wa kichochoro. Kuna nyumba ina mlango mkubwa wa nakshi, na mlangoni kufuli. Kwa nje. Nyumba yenye kufuli kwa nje utapiga hodi kwa nani? Nikaipita. Sikumaliza hata hatua kumi, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Mbona mwaniruka?"

Nikageuka. Hakuna mtu kichochoroni.

"We mwenye kikapu. Nyumba zote mwapiga hodi, yangu mwairuka. Mimi si mtu wa mtaa huu?"

Nikarudi. Mlango uko wazi kidogo, kama ile milango mingine yote. Na kufuli? Utaniuliza kufuli. Naapa sikulitazama. Ungekuwa wewe, na maiti wako anangoja, ungetazama kufuli au ungetazama mlango uliofunguka?

"Niwie radhi, Bi," nikasema. "Nilidhani hakuna mtu."

"Ndivyo wote wanavyodhani. Mwataka nini?"

"Sanda, Bi. Rafiki yangu amekufa, mgeni, hana mtu hapa ila mimi."

"Si vyema mtu kufa mbali na kwao," akasema. Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayesema jua kali leo. Kisha mkono ukatoka, umeshika furushi jeupe limefungwa kwa uzi wa kijani. Mkono ule ulikuwa umerowa. Ncha za vidole zimekunjamana, nyeupe, kama za mtu aliyeshinda anafua. Nikadhani anafua. Nilipopokea vidole vyetu viligusana, na ubaridi wake sijausahau. Maji yalidondoka dakani, to, to, to. Lakini furushi lenyewe kavu, linanuka udi.

"Mungu akulipe, Bi. Nikamwambie Mwalimu ametoa nani?"

"Mwambie Mwanaesha binti Kombo. Mwambie mkimswalia huyo, na mimi mnitie."

"Dua tutakuombea, inshallah."

"Sikuomba dua," akasema. "Mnitie."

Mlango ukafungwa. Nikakimbia.

Mwalimu alifungua furushi juu ya mkeka. Ilikuwa bafta nzuri ajabu, laini. Akaihesabu vipande kwa mkono, akasita.

"Hii ni ya mwanamke," akasema. "Mwanamume hufungwa tatu. Hizi ni tano. Hii kanzu, huu ushungi. Nani amekupa sanda yake?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni akainuka. Bwana Shee, jina lake, mtu mzito, wa kwanza kuja msikitini na wa mwisho kutoka. Akaja mbio akaushika ule uzi wa kijani.

"Mwizi!" akasema. Ananitazama mimi. "Mwizi wa maiti we! Nguo hii nimeileta mimi, kutoka Hija, na uzi huu nimeufunga mimi. Imo sandukuni kwa dada yangu. Umevunja nyumba ya dada yangu!"

Mimi kuitwa mwizi! Nilimrukia. Nasema kweli, laiti Mwalimu asingeingia katikati ningempiga mzee wa watu mbele ya maiti.

"Nyumba sikuvunja!" nikapiga kelele. "Dada yako amenipa kwa mkono wake! Nenda kamuulize, Mwanaesha binti Kombo, yuko nyumbani anafua!"

Mwalimu akanishika bega.

"Bwana," akaniambia polepole, "Bi Mwanaesha alisafiri kwenda Pate harusini, miaka mingi sasa. Chombo kilipinduka. Wengine waliokotwa, wakazikwa. Yeye hakuonekana."

"Yuko safarini," akasema Bwana Shee.

"Na kila mwaka namwambia," Mwalimu akaendelea, "aliyepotea baharini huswaliwa hivyo hivyo, bila mwili. Hataki."

"Yuko safarini! Ufunguo ninao mimi." Akautoa kifuani, umefungwa kwa kamba. "Twendeni. Mkaone alivyovunja, kisha tumpeleke kwa polisi."

Tukaenda, sisi watatu. Nilikwenda mbele, maana mimi nilikuwa najua kuwa nasema kweli. Tukafika mlangoni. Kufuli liko pale pale, limeshika kutu mpaka limekuwa jekundu, na utando wa buibui umetoka kwenye komeo ukaenda mpaka kwenye mhimili, mzima, haujakatika hata uzi mmoja. Ndipo niliposhituka. Hapo tu. Nilikaa dakani, na nilipoweka mkono jiwe lilikuwa bado majimaji.

Ufunguo haukuzunguka. Mwalimu akaomba mafuta ya taa nyumba ya jirani, wakalitia kufuli, wakalipiga piga, likafunguka. Ndani vumbi limelala sakafuni kama unga, na nyayo zilizokuwa mle ni zetu tu, zile tulizokuwa tukizipiga. Sanduku liko ukumbini, lina kufuli lake, na ufunguo wake pia anao Bwana Shee. Akafungua.

Tupu. Harufu ya udi ikatoka, na chini kabisa, pale nguo ilipokuwa imelala, pana maji. Kidogo, ya kujaa kiganja. Bwana Shee akachovya kidole, akakitia mdomoni.

"Nini?" Mwalimu akauliza.

Bwana Shee alifunga sanduku, akalifunga vizuri kwa ufunguo, kama vile bado mna kitu.

"Chumvi," akasema.

Nje mwadhini alikuwa ameanza adhana ya alasiri. Mwalimu akasimama, mimi nikasimama. Bwana Shee amekaa chini vumbini na kanzu yake safi, ameshika magoti. Nikamwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisema polepole, "Bwana Shee, rafiki yangu ananingoja. Sanda ni yenu. Ukisema irudi, nairudisha sasa hivi, nitamzika kwa kanzu yangu hii niliyovaa."

Alikaa mpaka adhana ikaisha.

"Keshampa," akasema. "Mimi ni nani wa kumnyang'anya mtu sadaka yake? Mswalieni."

"Bakari?" akauliza Mwalimu.

"Wote."

Bakari wangu akafungwa vipande vitatu vya bafta ya Makka, vyeupe, vinanukia. Hakuna tajiri wa Mkomani aliyezikwa vizuri kuliko yeye. Mwalimu akanuia kwa maiti aliyeko na kwa maiti asiyeko, akawataja kwa majina, na msikiti mzima ukasikia. Niliposema amina, nilihisi ule mkono wangu wa kulia umepata joto. Mpaka dakika ile ulikuwa baridi, na mimi sikuwa na nafasi hata ya kuutia maanani. Tulimfukia jua lingaliko.

Wenye shaka na waende wakamwulize Mwalimu, yuko hai. Wakitaka waende hata kwa Bwana Shee, lakini habari yangu mimi hatosema. Ile kanzu na ule ushungi vilivyobaki alivichukua yeye. Nyumba ameiuza, ina watu sasa, wanapika, watoto wanapiga kelele dakani. Mimi hanisemezi. Siku ya Idi nilimwendea kumpa mkono, akautazama mkono wangu, asiupokee.

"Kabla yako," akaniambia, "dada yangu alikuwa safarini."

Mimi, ambaye hata kwa DC nimewahi kumrudishia Mzungu neno, nikarudisha mkono wangu. 

Kwa hiyo wewe unayesoma, ikiwa una mtu wako bahari imemchukua, au nyika, na umekaa na ufunguo wake kifuani unasema atarudi, nisikilize mimi mwenye kelele. Mswalie. Usiku wa leo usilale hujamwendea mwalimu wako. Kwa sababu huyo aliyepotea anajua kuwa hujamswalia, na anachoka kungoja, na siku atakapochoka hatakuja kukuomba wewe. Atasimama nyuma ya mlango wake amngoje mtu mwingine apite, mgeni, asiyemjua. Na hilo, nimeliona kwa macho yangu, ndugu wa damu hamsamehi mtu.