Kinu cha Madina

Madina binti Waziri bin Kibwana. Babu yake alitoka Nyangwe na mbuzi watano ndani ya mtumbwi, akafika Kisangani na saba, maana wawili walizaliwa njiani. Baba yake aliwavusha mto mwaka wa mafuriko, asizame hata mmoja. Na yeye Madina, nyama ya Idi ya mtaa wetu ilitoka zizini mwake, wala hakuna aliyewahi kusema ni ngumu. Mimi ni wifi yake, ninayoandika niliyaona.

Mwaka wa uhuru, 1960, alikosea. Desturi yetu siku ya sherehe ilikuwa kufunga mbuzi mlangoni kwa kamba fupi, wezi wasipate nafasi. Jioni fataki zikapasuka upande wa mto, watu wakashangilia. Mbuzi wake mweusi, mwenye mimba, akaruka, akazunguka, akaruka tena. Tulimkuta ulimi nje, kamba imemkaba, na mji bado unaimba.

"Nimemunyonga kwa mikono yangu," Madina alisema. Hakulia.

Tangu siku ile alikataa kamba. Akihisi kelele zinakuja, aliingiza mbuzi jikoni, akaziba dirisha kwa mikeka iliyolowa ili sauti isipenye, akatwanga pondu, majani ya muhogo. Mbuzi wake walijua tangu wadogo: kinu kikilia, mabua ya pondu yanafuata. Basi walilala wakicheua hata radi ikipiga.

Jirani yetu Françoise alicheka sana. "Ma Madina, unapigia mbuzi ngoma? Alors, watacheza lini?"

"Siku wewe utakimbia."

Miaka minne baadaye waasi waliushika mji. Mbwa wa mtaa wakaacha kubweka. Madina akawa analoweka mikeka kila asubuhi, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Asubuhi moja ya Novemba ndege za jeshi lililokuja kuwatoa waasi zilipita chini, karibu na mapaa. Tukaingiza mbuzi wote sita. Madina akashika mchi. Risasi zikaanza mbali, zikasogea mtaa kwa mtaa. Mbuzi walitetemeka, wakasikiliza kinu, mmoja mmoja wakalala. Pondu ikaisha, akatwanga kinu kitupu.

Ndipo tukasikia mbuzi analia nje, uani kwa Françoise. Françoise alikuwa amekimbia alfajiri na watoto wake.

"Amemufunga," Madina akasema.

"Wifi, acha. Iko mbuzi ya mutu mwingine."

"Kamba haiulizi mwenyewe ni nani."

Kilio kikaanza kukwama kooni. Madina akachukua kisu cha jikoni cha kukatia ile kamba, akaniwekea mchi mikononi. Ulikuwa na joto bado.

"Usitwange haraka. Ukiharakisha, watajua unaogopa. Na usiache, hata ukisikia nini huko nje, mpaka nigonge mlango."