Ampulifaya Ilikuwa Nzima

Dada yangu alikuwa muuguzi katika zahanati ya misheni huko Kinangop, nami nilikuwa fundi wa redio mjini Nakuru, katika karakana ya Kalasinga mmoja mzee. Sisi ndio tuliotunza redio iliyopokea habari za zahanati za mbali. Kila asubuhi ziliomba dawa na kutaja wagonjwa wa kuletwa mjini.

Siku moja muuguzi mwenzake alisema redioni kwamba dada ameshikwa na homa, hawezi kusimama. Kesho yake sikusikia neno kutoka Kinangop, ila mvumo tu, kama mvua juu ya mabati. Nikiita, hakuna anayejibu. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, na sisi Wakikuyu hatukuruhusiwa kusafiri bila pasi ya serikali. Niliomba pasi, nikaambiwa ningoje.

Nikamwambia mzee kwamba bila shaka ampulifaya ya mbele, ile inayopokea sauti ndogo kutoka kwenye antena na kuikuza, imechoka, na kelele zake zenyewe zinameza maneno. Akakubali tuipime. Tulichomoa waya wa antena, tukaunga mahali pake valvu maalumu, chupa ndogo ya kioo ya umeme, inayotoa mvumo wa kiasi kinachojulikana. Kwanza nilisoma mita valvu ikiwa imezimwa, nikapata mvumo wa mashine peke yake. Kisha nikaongeza umeme wa valvu polepole, hadi nguvu ya mvumo ikawa maradufu. Kiasi nilichoongeza ndicho kinachoonyesha kelele za ampulifaya. Kikiwa kikubwa, ampulifaya ni mbovu.

Kilikuwa kidogo. Nikapima tena, huku nikimwomba Mungu mita ionyeshe ubovu, maana valvu ya ampulifaya iliyochoka ningeibadilisha kabla ya chai. Mzee naye akapima kwa mkono wake, akavua miwani.

"Ampulifaya ni nzima," akasema.

"Basi nitengeneze nini?"

"Hapa hakuna kitu ya kutengeneza, fundi. Sauti haifiki."

Nilikaa na bisibisi mkononi, sina pa kuitia.

Pasi ilipotoka nilidandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua pareto. Nilikuta wamekwisha kumzika. Yule mwenzake alinieleza kwamba walizungumza redioni kila asubuhi. Jibu halikuja, lakini taa ya mashine ilikuwa inawaka, wakadhani tunawasikia.

"Alikuwa anauliza kama umejibu," akaniambia. "Nilimwambia unasikia, ila una kazi nyingi."

Niliifungua mashine yao nikaona fyuzi moja, ya kupokea na kutuma sauti, imekatika. Ile ya taa ilikuwa nzima. Niliibadilisha ile iliyokatika, nikaita Nakuru. Mzee alijibu papo hapo, sauti safi, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje.