Guruguru wa Uwanda wa Mawe

Harufu ya dizeli asubuhi, ikichanganyika na vumbi lililoloa umande, bado hunirudisha utotoni. Nilikuwa na miaka tisa, baridi ya Doha ikielekea ukingoni, na mama yangu alikuwa akimtafiti mjusi mnene wa jangwani ambaye Waarabu humwita dhabu. Sisi watu wa Tanga tulimwita guruguru. Siku zisizo za shule tulitoka mtaani kwetu Najma alfajiri, tukaegesha gari kando ya uwanda wa mawe nje ya mji, tukakaa ndani kimya, tukipokezana darubini. Guruguru hutoka shimoni kwa mashaka: kwanza pua, kisha jicho, kisha kichwa kizima kinachosita mlangoni. Hutoka mweusi kwa baridi, na kadiri jua linavyompasha ndivyo anavyogeuka manjano. Kivuli cha ndege tu humrudisha ndani. Nilipolalamika kwamba miguu imekufa ganzi, mama alinong'ona, “Mtaka cha mvunguni sharti ainame.” Tulimpenda zaidi jike mmoja aliyekatika ncha ya mkia; tulimwita Kisiki.

Kisha tukasikia uwanda utasawazishwa, nyumba zijengwe. Mama akapata ruhusa ya kuwahamishia guruguru wake kaskazini, kwenye eneo lenye uzio. Kuwafukua hakukufaa, maana ukimgusa shimoni hujijaza hewa na kujikaza kwenye mwamba hadi aumie. Ilibidi watoke wenyewe, wanaswe kwa kitanzi. Asubuhi ya mwisho walikuwa wamebaki wawili, Kisiki na dume wa shimo la jirani, na mbingu ilikuwa imefunga mawingu. Tingatinga lilikwishafika, linanguruma. Dereva wake alikuwa Mkenya aliyeitwa Omondi.

“Mama, mimi sina shida na wewe,” alisema. “Lakini msimamizi yuko njiani. Akipata sijaanza, ni mimi nitaumia.”

“Kaka yangu, zima injini tu. Ardhi ikitetemeka hatoki.”

“Na jua likikataa?”

Omondi alimtazama mama, akanitazama na mimi, akazima. Mama alilala kifudifudi juu ya changarawe, kijiti chenye kitanzi mkononi. Mwishowe wingu likapasuka. Pua ya Kisiki ikachungulia, likafuata jicho. Papo hapo simu ya Omondi ikalia, na shimo likawa tupu. Omondi aliizima bila kuangalia nani anapiga. Nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma. Kichwa kikarudi, kikasita, kikasogea kidogo. Mama akavuta.

Alikuwa bado anamtia ndani ya mfuko wa kitambaa gari la msimamizi lilipoingia likitimua vumbi. Msimamizi alishuka akifoka, akionyesha tingatinga lililolala. Omondi alipanda, akawasha, lakini badala ya kuanzia pale tulipokuwa akaligeuza, akaanzia upande wa mbali kabisa. Tukaelewa. Shimo la dume lingekuwa la mwisho.

Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na mama hakutaka kupisha. Alilala tena kwenye changarawe, nami nikashika mfuko uliokuwa ukifurukuta. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyangu, kila mzunguko wa tingatinga ukiwa karibu zaidi. Dume hakutoka. Omondi alipotufikia alisimamisha mashine, akainama dirishani. “Mama, toa mtoto,” alisema kwa upole. Mama aliinuka, akanishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Hakunifumba macho tingatinga lilipopita juu ya shimo la dume.

Kisiki tulimwachia kaskazini siku ileile. Alisimama kitambo akionja hewa, kisha akaanza kuchimba.

Sasa pale pana nyumba nzuri zenye bustani. Rafiki yangu mmoja anaishi huko. Tulikula kwake juzi, watoto wakiendesha baiskeli nje, nami nikashindwa kujua uwanda ulianzia wapi. Utotoni niliamini mama hakuogopa chochote asubuhi ile. Leo nimefikia umri aliokuwa nao, nina binti wa kumshika mkono, na najua aliogopa kuliko mimi. Alikuwa amelala kifudifudi tu, hakuna aliyeuona uso wake.