Kipande Kilichogoma Kukatika

Simu ya mjomba ilinikuta maabara, hapa Herndon, Marekani, nimekaa mbele ya mashine inayovuta kipande cha alumini na kukiachia, kukivuta na kukiachia. Mama amefariki, alisema. Kisha akanipa kazi: mdogo wangu anayeishi Oxon Hill, ng'ambo ya mto, asiambiwe kwa simu. Niende mwenyewe, nihakikishe amekula, ndipo niseme. Kwenye grupu la ukoo amewakataza watu wote kuandika mpaka nimalize.

Nikasema sawa. Sikulia. Nikarudi kutazama kipande.

Kilikuwa mabati mawili yaliyoungwa bila kuyeyushwa: pini ya chuma huzunguka kwenye maungio, alumini ikalainika kwa joto la msuguano, ikasongwa kama ugali mpaka pande mbili zishikane. Mashine yetu haivuti kwa nguvu ya kukata mara moja. Huvuta kidogo, ikarudia, ikarudia, mpaka ufa uanze kule chini ambako pini haikufika vizuri. Kwa macho huoni kitu.

Nilijiambia nitaondoka kikikatika. Uongo mtupu, mashine hujizima yenyewe, haihitaji mtu wa kuisubiri. Mkuu wa maabara alipita, akauliza kama mambo yako sawa, nikajibu yako sawa. Nyumbani watu wazima walikuwa wamekaa na simu mikononi, hawawezi hata kuandika pole kwa sababu yangu, na mimi natazama bati. Kipande kikagoma. Mwishowe nikaona aibu, nikachukua funguo.

Sikumchukua mzee wa kanisa anisindikize. Mzee wa kanisa mlangoni mchana wa siku ya kazi ni tangazo tosha. Nilinunua wali na kuku, nikavuka mto Potomac bila kuhisi chochote.

Mdogo wangu hutunza wazee usiku, kwa hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameamka.

"Shikamoo kaka. Leo uko off?"

"Marahaba. Nimetoka mapema."

Alifurahi. Akanitania kwamba bahili wa Herndon leo kaleta kuku. Akapakua, akashika kijiko, na kwa mkono wa pili akaifuata simu yake. Nikaogopa.

"Acha simu," nikasema. "Kula kwanza."

Kijiko kikasimama. Tumekulia nyumba moja. Tumewaona wangapi wakibembelezwa wale kwanza, na tulijua kinachokuja baada ya sahani.

Hakuuliza ni nani. Aliigeuza simu kifudifudi, akavuta sahani, akaanza kula, polepole sana, bila kunitazama. Sikumharakisha.